Mlevi wa Tangawizi

Bwana Harley alikwisha kukata shauri kwamba mchoraji wake wa ramani amelewa. Alichohitaji sasa ni pua ya kuthibitisha. Pua yake mwenyewe asingeweza kuisogeza karibu na kinywa cha Mwafrika, kwa hiyo alimwita Mfaume, tarishi wa ofisi, akamwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Wewe nusa yeye."

Mfaume alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Alitazama sakafu, akamtazama Gozbert Rwechungura ambaye kwa miaka minane hakupata kumpita bila kumwamkia, kisha akasogea. "Niwie radhi, mwanangu," alinong'ona, akanusa.

"Nini iko?" aliuliza Bwana Harley.

"Chai, bwana. Chai ya tangawizi."

"Tangawizi naficha pombe," alisema Bwana Harley, akaandika.

Juu ya meza ilitandazwa ramani ya viwanja vipya vya Kinondoni. Mpaka kati ya kiwanja cha arobaini na moja na cha arobaini na mbili, uliotakiwa kunyooka kama uzi wa fundi mwashi, ulikwenda vizuri hadi katikati, ukasita, ukapinda, ukapita ndani ya choo cha Mzee Mwishehe Salumu na kukigawa: shimo kwa jirani, mlango kwake. Mwenye choo alikuwa amekuja ofisini na kanzu yake ya Ijumaa kuuliza, kwa adabu zote, kama serikali inamtaka apige hodi kabla ya kuchuchumaa.

Gozbert hakuwaambia kwamba siku ile aliona mistari miwili, akafuata ule usiokuwapo. Kwa majuma mawili dunia ilikuwa imejirudufu machoni pake: kalamu mbili, wino mara mbili, Bwana Harley wawili, na mmoja alikuwa akimtosha. Hakusema pia kwamba nyayo zake zilikuwa kama zimevikwa pamba, akikanyaga hajui kama ni saruji au godoro. Lakini hilo walijionea, kwa sababu jana yake alianguka kwenye ngazi mbele ya ofisi nzima, chupa ya wino mkononi, na suruali nyeupe ya Bwana Harley ilikuwa karibu.

Hukumu ilisomwa palepale. Baraza la nidhamu litakaa mwezi wa Februari. Mshitakiwa alete cheti cha daktari chenye jina la ugonjwa. Asipoleta, ataandikwa mlevi. Hakuna aliyeuliza mtu aliyeandikwa mlevi hufanywa nini, kama vile hakuna muumini anayeuliza motoni kuna nini.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na tatu, mwezi wa Novemba, na Gozbert alikuwa katibu wa Chama cha Kiapo pale kigangoni, chama cha Wakatoliki walioapa kutogusa kileo. Kwao Bukoba mgeni hupewa pombe ya ndizi kabla hajamaliza salamu. Yeye aliiacha akiwa na miaka ishirini, na baba yake mzazi alisema wakati ule kwamba hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa.

*

"Umeanguka?" aliuliza mkewe, Kokuberwa, alipoona goti la suruali.

"Nimejikwaa."

"Umejikwaa kwenye nini?"

"Kwenye sakafu."

Kokuberwa aliweka sufuria chini. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyesoma hadi darasa la sita, na alikuwa amekwisha kuona mengi: vifungo vya shati vikimshinda mumewe, usingizi wa saa kumi jioni kama wa mtu aliyelima ekari mbili, uji ukimwagika kabla ya kufika mdomoni. "Baba Felicitas," alisema, "mimi si ofisi. Niambie."

Akamwambia. Alimweleza habari za mistari miwili na pamba za nyayoni, na mwisho, kwa aibu, jambo ambalo hakumwambia hata padre. Kila alipoinamisha kichwa kusali, kitu kama umeme kilimpita toka shingoni hadi visiginoni. Kwa muda alidhani Mungu anamjibu.

Mzee Mwishehe hakuhitaji kuitwa. Alikuwa mwenye nyumba, na walitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo usioficha siri.

"Shikamoo, mzee," alisema Gozbert.

"Marahaba. Mpangaji wangu, umenikata choo ambacho wewe mwenyewe umekitumia alfajiri ya leo." Akaketi bila kukaribishwa. "Lakini mie siamini kuwa ni pombe. Mlevi huimba. Wewe huimbi, huanguka kimya kimya. Hilo ni jini la bahari, na si baya sana. Nitakuandikia kombe, aya za zafarani zioshwe kwa maji, unywe siku saba."

Gozbert alieleza kwamba yeye ni Mkristo. Mzee akajibu kwamba jini halikuuliza.

Jumapili akaja Kasimiri, katekista, na daftari kwapani. Aliketi upande upepo ulikoelekea ili, kama kuna harufu, imjie yenyewe. "Chama hakikuhukumu, ndugu yangu," alisema. "Kimeamua tu kukusimamisha."

"Kumsimamisha?" Kokuberwa aliuliza toka mlangoni. "Baba, kama mnaweza, msimamisheni hata leo. Maana mwenyewe hawezi."

Kasimiri alifunga daftari, akakumbuka mgonjwa wa kutembelea kwingine.

*

Hospitalini walipanga foleni tangu alfajiri. Daktari Penrose alimwona Gozbert akiingia, miguu imetanuka, mkono ukipapasa ukuta, na kabla mgonjwa hajafika kwenye kiti ugonjwa ulikwisha kupatikana. Alisema neno moja. Adelard, mganga msaidizi aliyekuwa pia mkalimani, alikohoa.

"Daktari anasema ni maradhi ya... ndoa."

"Ndoa ya nani?" aliuliza Kokuberwa.

"Anasema kaswende, shemeji. Imeingia uti wa mgongo. Anasema na wewe utachomwa."

Wakachomwa sindano siku kumi, wote wawili, katika foleni yenye kibao ambacho kila ajuaye kusoma alikisoma na asiyejua alisomewa. Mwanamke mmoja wa Kinondoni aliwasalimia kwa sauti ya juu, akawauliza watoto hawajambo, akafika nyumbani kabla yao. Siku zote kumi Kokuberwa hakumuuliza mumewe swali lolote, na ukimya huo ulimchoma Gozbert kuliko sindano. Siku ya kumi na moja majibu ya damu yalitoka: hakuwa na kaswende, wala hakupata kuwa nayo. Ndipo Kokuberwa alipolia, akamkorogea uji wa ulezi, akamwomba radhi kwa maneno aliyokuwa hajayasema.

Daktari Penrose aliitazama karatasi ya damu kama mtu aliyetukanwa. "Damu imekosea," alisema, akaenda kula chakula cha mchana.

Adelard hakwenda kula. Alikuwa kijana wa Songea, mpole, mwenye tabia ya kusoma vitabu vya daktari kila mwenyewe alipokwenda kuchezea kirungu chake na vimpira uwanjani. Alimlaza Gozbert kwenye chumba cha kufungia vidonda. Akampiga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka kama umeumwa na siafu. Akamkwaruza unyayo kwa ufunguo, na kidole gumba, badala ya kukunjika chini kama cha watu wazima wote, kikainuka juu, taratibu, kama kinachouliza swali. Akamwambia afuate kidole kwa macho. Macho yalikwenda, lakini yalipofika pembeni yakacheza.

"Mmewahi kuona waya wa simu uliokatika?" aliwauliza. "Ndani shaba, nje mpira. Mwili nao una nyaya. Ubongo hutuma habari: inua mguu, shika kalamu, tazama hapa. Kila waya umevikwa ganda lake. Sasa kwako, kaka, ganda linachunika. Padogo kwenye mshipa wa jicho, padogo kwenye uti wa mgongo. Shaba ipo, lakini habari inachelewa, au inapotea njiani, au inaruka."

"Ndiyo maana nikiinamisha kichwa..."

"Ndiyo. Shingoni pana waya ulio uchi."

"Si Mungu?"

"Si Mungu, kaka."

Gozbert alionekana kusikitika kidogo.

"Na nani anayechuna?" aliuliza Kokuberwa.

"Hakuna ajuaye, hata huko Ulaya. Huja, hukaa, huondoka. Ganda hujaribu kujiponya. Mtu aweza kutembea vizuri mwezi, hata mwaka, kisha ukamrudia kwa mlango mwingine: leo jicho, kesho mguu, keshokutwa haja ndogo. Na kitu kimoja mkijue: joto. Mwili ukipata joto, waya uliochunika hushindwa kabisa. Ukipoa, hupata nafuu."

"Joto," alisema Kokuberwa. "Dar es Salaam."

Daktari aliporudi, Adelard alimweleza alichokiona, akamfungulia kitabu mahali penyewe. Daktari alisoma, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Ugonjwa huu ni wa watu wa nchi za baridi. Kwa Waafrika haujaonekana.

"Labda, bwana, haukutafutwa," alisema Adelard.

Daktari alifunga kitabu, akaandika cheti kwa hati nzuri: *Hana kaswende. Hana ugonjwa wowote uwezao kumpata Mwafrika.*

Habari hizo zilipofika kwenye bomba la maji la Kinondoni, hadhi ya Gozbert ilipanda ghafla. Ana ugonjwa wa Wazungu! Wengine walisema ameupata kwa kunywea kikombe cha Bwana Harley. Wengine walimwombea apate na mshahara wao.

*

Kisha likatokea balaa ambalo hakuna aliyelitegemea. Gozbert akapona.

Ilianza mwishoni mwa Januari. Asubuhi moja aliona mlango mmoja. Siku ya tatu pamba zilitoka nyayoni, akasikia ubaridi wa sakafu na kusimama pale peku, akikanyaga na kuinua kama mtoto kwenye tope. Juma lililofuata alikwenda ofisini kwa miguu yake, akaomba ramani, akafuta mpaka uliopinda na kuuchora upya. Choo cha Mzee Mwishehe kikarudi chote katika himaya moja.

Mzee alisema ni kombe, alilokuwa akilimimina kwa siri kwenye mtungi wao. Kasimiri alisema ni toba. Wote walikuja kupokea shukrani. Gozbert alikuwa na furaha ambayo Kokuberwa hakuweza kuitazama.

"Baraza ni Alhamisi," alisema.

"Nitaingia kwa miguu yangu, Mama Felicitas! Watajionea."

"Ndiyo. Watajionea." Alikuwa akichambua mchele, na mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Wataona mtu mzima wa afya, ambaye mwezi wa Novemba alikuwa akianguka. Watasema nini? Watasema ameacha pombe."

Furaha ilimtoka Gozbert usoni kidogo kidogo. Walikaa hivyo, mume na mke, wakiomboleza afya.

*

Alhamisi asubuhi ilikuwa na upepo mwanana, mbaya kabisa. Gozbert aliingia barazani wima, akasimama mbele ya meza, akasoma kwa sauti herufi zote alizoonyeshwa. Walioketi walikuwa Bwana Harley na Daktari Penrose; Adelard alisimama pembeni kutafsiri. Kokuberwa aliachwa nje kwenye benchi, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya upepo.

"Mzima," alisema daktari.

"Mzima," alisema Bwana Harley, na kalamu ikateremka kuelekea karatasi.

"Hodi," alisema Kokuberwa, naye alikwisha kuingia. Alipiga goti kidogo kwa heshima, kisha akasimama. "Shemeji Adelard, waambie hivi. Ugonjwa huu huja na joto. Wao wamemwita asubuhi yenye upepo. Wampeleke penye joto, kisha wampime. Kama hakuanguka, waandike watakavyo."

Adelard alitafsiri, na akaongeza kwa sauti ndogo kwamba jambo hilo limo katika kitabu cha daktari, ukurasa wa mbele kidogo ya ule aliofungia: mgonjwa hutiwa kwenye maji ya moto, na dalili hutoka. Daktari Penrose alinyanyua macho. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba alimtazama Gozbert usoni. Kitabu hakijamwona Mwafrika mwenye ugonjwa huu. Kwa hiyo daktari atakayemwona wa kwanza jina lake litaandikwa.

"Tupate bafu," alisema.

Bafu la kumtosha mtu mzima lilikuwa moja tu karibu, nyumbani kwa Bwana Harley. Bwana Harley aligeuka rangi. Yalifuata mazungumzo marefu kwa Kiingereza, ambayo Adelard aliyafupisha hivi: "Haiwezekani."

"Stoo ya ramani kuukuu ni ya bati," alisema Gozbert taratibu. "Saa sita mchana hakuna aingiaye humo. Hata panya wamehama."

Saa sita wakaingia wote, maana mgonjwa lazima aangaliwe. Mlango ukafungwa. Februari ya Dar es Salaam ilikaa juu ya bati lile kama chungu juu ya mafiga. Gozbert aliketi kwenye kasha, shati limemganda. Daktari aliloana, akatabasamu, akatazama saa yake. Baada ya robo saa Bwana Harley alivua tai. Baada ya nusu saa alisema maneno kuhusu mama yake, akainuka, akayumba, akashika ukuta. Mfaume akamtoa nje, na kwa mazoea akamnusa.

Ndani, Kokuberwa alikuwa akimwangalia mumewe. Miezi yote alikuwa amesali asianguke. Sasa, mikono imekunjwa mapajani, alijikuta akisali kinyume chake, na alijichukia kwa kila neno.

"Bwana daktari mmoja," alisema Gozbert ghafla. "Sasa wawili."

Akapewa kalamu na rula achore mstari. Mstari ulitetemeka, ukapinda, ukatoka nje ya karatasi na kuendelea kwenye kasha. Akaambiwa asimame. Alisimama, mguu wa kushoto ukamtazama kana kwamba hawajuani, akaanguka kifudifudi kwenye ramani za wilaya.

"Safi sana!" alisema Daktari Penrose, akapiga makofi. "Safi kabisa!"

Kokuberwa alikuwa amekwisha kupiga magoti chini, akimfuta mumewe uso kwa ncha ya kanga. "Nisamehe," alikuwa akisema kwa Kihaya. "Nisamehe, nisamehe."

*

Walipotoka stoo na kuingia kivulini, cheti kiliandikwa: jina lote la ugonjwa, refu, la Kilatini, na pembeni neno Mwafrika limepigiwa mistari miwili. Bwana Harley alikisoma huku akinywa maji. Kisha akavuta kitabu cha Kanuni za Watumishi Wenyeji, akafunua, na uso wake ukachangamka. Alizungumza kwa kirefu. Adelard alisikiliza, na hakutafsiri.

"Anasemaje?" aliuliza Gozbert. Alikuwa ameegemea nguzo, nguo iliyolowa maji kichwani.

"Anasema... kanuni inasema mtumishi mwenye ugonjwa usio na dawa huachishwa kazi siku daktari anapotia sahihi."

"Hauna dawa?"

"Hauna, kaka. Nilidhani nilikwambia."

Hakuwa amewaambia. Walikuwa wamelipigania jina la ugonjwa miezi mitatu, na hakuna aliyekumbuka kuuliza jina hilo lina nini ndani.

"Na mlevi?" aliuliza Kokuberwa. "Kanuni inasema nini juu ya mlevi?"

Bwana Harley alifunua ukurasa mwingine. Mlevi hupewa onyo. Kosa la pili, onyo la pili. La tatu ndilo hufukuzwa. Tena, alisema Bwana Harley kupitia kwa Adelard, yeye si mtu mbaya, na mchoraji mzuri hapatikani kila siku. Cheti bado kiko mezani, hakijapokelewa. Mshitakiwa achague.

Daktari Penrose aliruka. Cheti hakiwezi kutupwa! Huyu ni wa kwanza! Atakwenda kuandika habari zake Uingereza! Bwana Harley alimjibu kwamba akaandike Uingereza, maana ofisi yake iko Tanganyika.

Gozbert alimtazama mkewe. "Niseme mimi ni mlevi? Mimi, katibu wa Kiapo?"

"Tumesema kweli miezi mitatu, Baba Felicitas. Nani aliyesikia?"

"Ni uongo."

"Ni uongo," alikubali. "Maonyo matatu. Shemeji anasema huja na kuondoka. Huenda ukakaa mwaka, huenda miwili. Felicitas ataanza shule mwakani." Kisha akasema polepole, na ndipo Gozbert alipojua kwamba naye hakuwa akiliona jambo hilo kuwa dogo, "Sitakulaumu ukikataa. Mkono ni wako."

Gozbert alifikiri juu ya Kasimiri na daftari lake, na juu ya baba yake, ambaye angecheka hadi kutoa machozi. Kisha akaomba kalamu na karatasi ya onyo la ulevi. Mkono ulikuwa bado haujapoa; sahihi ilipanda, ikashuka, ikamalizikia kwenye wino uliomwagika.

Bwana Harley aliinua karatasi dirishani. "Ona," alimwambia daktari. "Hata kuandika hawezi. Ushahidi gani zaidi?"

Onyo hilo lilimweka Gozbert kazini miaka mitano na nusu. La pili alilipata mwaka wa hamsini na sita, jicho la kulia lilipozimika kwa mwezi mzima. La tatu halikuandikwa, kwa sababu siku miguu iliposhindwa moja kwa moja Bwana Harley alikwisha kurudi kwao, na aliyeshika nafasi yake alikuwa mtu aliyependa kuuliza maswali, na majibu ya kweli yakamwachisha Gozbert kazi. Chama cha Kiapo kilimfuta siku ileile ya sahihi kwa kura ya mikono, Kasimiri akihesabu. Mzee Mwishehe aliposikia alisema kwamba katika maisha yake hajapata kuona mlevi aliyelewa kwa saini.

Lakini Alhamisi ile walipanda basi la saa nane, wakashuka Kinondoni jua likiwa bado kali. Mguu wa kushoto ulikuwa haujarudi. Gozbert alimwekea mkewe mkono begani, naye akamshika kiunoni, wakaanza kwenda, hatua moja, wakipumzika, hatua nyingine, wakichora mchangani mstari usiokuwa na mwelekeo. Kwenye kibanda cha muuza mihogo wanaume wawili waliacha kutafuna.

"Hee! Mlevi huyo!" alisema mmoja. "Na mchana wote huu!"

Gozbert alijikaza kutaka kusimama wima, akashindwa. Kokuberwa aliinua uso. Jasho lilimtiririka, na kanga yake ilikuwa imelowa maji ya nguo ya kichwani.

"Ndiyo," alisema. "Mlevi. Mume wangu. Tupisheni tupite."

Wakapisha.